PAUL SABATIER: MWALIMU ALIYEKATAA KUHAMIA PARIS



Katika kurasa kama hizi tumezoea kueleza maisha ya watu waliotangulia ili tupate mazingatio. Safari hii tumemchagua mtu ambaye jina lake hutajwa katika vitabu vya kemia, lakini maisha yake hayajulikani sana kwetu. Naye ni Paul Sabatier, mwanakemia wa Kifaransa aliyezaliwa mwaka 1854 na kufariki mwaka 1941. Hakuwa mfalme wala jemadari. Alikuwa mwalimu. Alisomesha katika mji mmoja kwa karibu miaka hamsini, na kutoka mji huo kazi yake ikaingia viwandani na majikoni duniani kote, na huenda hata jikoni kwenu.

Tumemchagua kwa sababu ya suali moja ambalo wanafunzi wetu wakubwa hutuuliza kila wanapokaribia kumaliza masomo. Huuliza: je, mtu anaweza kuwa mtaalamu wa kutajika bila ya kuhamia mji mkuu au kwenda ng'ambo? Wazazi nao huuliza suali hilo hilo kwa namna yao, pale wanapofikiri kumtoa mtoto skuli ya karibu na kumpeleka mbali kwa gharama kubwa. Maisha ya Sabatier ni jawabu moja. Hatusemi kuwa ndilo jawabu pekee.

KUZALIWA NA MASOMO YAKE

Paul Sabatier alizaliwa tarehe 5 Novemba 1854 katika mji wa Carcassonne, kusini mwa Ufaransa. Ni mji mdogo wenye ngome ya kale ya mawe, ulio mbali na Paris.

Mwaka 1874 alijiunga na École Normale Supérieure mjini Paris. Chuo hiki kilikuwa kikiandaa walimu na wataalamu, na kuingia kwake ni kwa mtihani mgumu wa ushindani. Baada ya miaka mitatu, yaani mwaka 1877, alimaliza akiwa wa kwanza katika kundi lake.

Wengi wangedhani kuwa mtu aliyeshika nafasi ya kwanza katika chuo kama hicho angepewa ofisi kubwa hapo hapo Paris. Haikuwa hivyo. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kusomesha fizikia kwa mwaka mmoja katika skuli ya sekondari ya mji wa Nîmes. Alisimama mbele ya watoto wa skuli kama wanavyosimama walimu wenu.

Mwaka 1878 alirudi Paris na kuwa msaidizi wa Marcellin Berthelot katika Collège de France. Berthelot alikuwa miongoni mwa wanakemia wenye nguvu na sauti kubwa nchini Ufaransa zama hizo. Chini yake Sabatier aliandika tasnifu juu ya joto linalotoka au kuingia pale salfa inapoungana na metali, na mwaka 1880 akapata shahada ya udaktari wa sayansi.

Baadaye alifanya kazi mwaka mmoja katika mji wa Bordeaux, na Januari 1882 akaletwa Toulouse kusomesha fizikia. Toulouse ni mji mkubwa wa kusini, si mbali na Carcassonne alikozaliwa. Mwaka 1883 akakabidhiwa somo la kemia, na mwaka 1884, alipotimiza miaka 30, akawa profesa wa kemia. Cheo hicho alikishika mpaka alipostaafu mwaka 1930.

KICHOCHEO NI KITU GANI?

Kabla hatujaendelea, tueleze kwa ufupi elimu aliyoibobea Sabatier, ili hata wasiosoma kemia wafuatane nasi.

Kuna vitu viwili ambavyo ukivikutanisha huungana mara moja. Na kuna vingine ambavyo ukivikutanisha hukaa tu kama wageni wasiojuana, hata ukivipa joto. Lakini ukiweka kitu cha tatu kati yao, huungana haraka, na kile kitu cha tatu hubaki kama kilivyokuwa. Kitu hicho cha tatu ndicho kinachoitwa kichocheo. Mwanakemia wa Sweden, Berzelius, ndiye aliyeipa jina hali hiyo katika lugha za Ulaya mwaka 1835.

Mfano wake ni mshenga. Mshenga huenda nyumba ya mwanamume na nyumba ya mwanamke, akachukua maneno ya huku akayafikisha kule, mpaka posa ikakubaliwa. Ndoa ikishafungwa, mshenga hurudi kwake na anaweza kutumwa posa nyingine. Hakuolewa wala hakuoa, lakini bila yeye jambo lingechelewa au lisingekuwa kabisa.

Katika zama za Sabatier wanakemia walijua kuwa vichocheo vipo. Walichokuwa wakibishania ni namna vinavyofanya kazi. Wengine walisema kuwa metali yenye vitundu vidogo vidogo huzibana gesi mpaka zikasongamana na kupata joto, ndipo zikaungana. Kwao wao, kichocheo ni kama chumba chembamba tu. Sabatier hakuridhika na maelezo hayo. Yeye aliona kuwa kichocheo chenyewe hushikana kwa muda na moja ya vitu vile, kisha kikakiachia kwa kingine, kama mshenga wetu anavyobeba maneno.

UGUNDUZI WAKE

Safari yake ilianzia katika habari ya watu wengine. Mwaka 1890 Ludwig Mond na wenzake waliokuwa Uingereza walitangaza kuwa metali ya nikeli huweza kuungana moja kwa moja na monoksidi ya kaboni, ile gesi ya sumu inayotoka kwenye jiko la mkaa lililofungiwa ndani. Sabatier akajiuliza: ikiwa nikeli inaweza kuishika gesi hiyo, je, haiwezi kuzishika gesi nyingine ambazo nazo zina nafasi ya kupokea?

Akaanza majaribio pamoja na mwenziwe Jean-Baptiste Senderens, padri wa Kikatoliki aliyekuwa akisomesha kemia hapo hapo Toulouse.

Mwaka 1896 zikaja habari kutoka Paris. Henri Moissan, mwanakemia mashuhuri, pamoja na Moureu, walikuwa wamepitisha gesi ya asetilini, ile inayotumika kuchomelea vyuma, juu ya unga wa nikeli. Nikeli iliwaka nyekundu, ukatoka masizi mengi na vimiminika. Wao waliona kuwa ni ule msongamano wa gesi tu katika vitundu vya metali.

Hapa kuna adabu ambayo tunapenda mwizingatie. Sabatier alihisi kuwa jambo lile lina siri kubwa zaidi, lakini hakukimbilia kulifanya kwa haraka ili awahi. Kwanza alihakikisha kwa Moissan kwamba yeye na mwenziwe hawakusudii kuendelea nalo. Alipojua kuwa wameliacha, ndipo alipolishika.

Mwaka 1897 Sabatier na Senderens walichagua gesi iliyo tulivu zaidi, yaani ethilini. Hii ndiyo gesi ambayo ndizi na maembe huitoa yanapoiva. Waliipitisha juu ya unga laini wa nikeli wenye joto la karibu nyuzi 300. Gesi iliyotoka upande wa pili walipoipima wakakuta sehemu kubwa yake ni ethani. Ethani ni ethilini iliyoongezewa haidrojeni. Basi haidrojeni hiyo imetoka wapi? Imetoka katika ethilini nyingine iliyovunjika, na nikeli ndiyo iliyoichukua na kuikabidhi.

Wakafanya jaribio lililo wazi zaidi: wakachanganya ethilini na haidrojeni na kuzipitisha pamoja juu ya nikeli. Zikaungana zote, tena kwa joto dogo kuliko lile la mwanzo. Mlango ulikuwa umefunguka.

Mwaka 1901 walifanya hivyo kwa benzeni, kitu ambacho wanakemia walikiona kigumu sana kukiongezea haidrojeni. Juu ya nikeli, kwa joto la karibu nyuzi 200, kikakubali. Mwaka 1902 wakaonesha kuwa hata hewa ya ukaa, ile tunayoitoa tunapopumua, huungana na haidrojeni juu ya nikeli na kutoa gesi ya methani na maji.

Kazi hii ilitaka subira. Nikeli ilikuwa lazima itengenezwe upya kwa uangalifu, iwe unga laini sana. Vitu vilivyopitishwa juu yake vilipaswa kuwa safi, kwani chembe kidogo tu ya salfa iliweza kuiua nguvu ya nikeli, na jaribio la siku nzima likaharibika. Wanakemia huita hali hiyo kutiwa sumu kwa kichocheo. Mwanafunzi mvivu wa kusafisha vyombo asingefika popote katika maabara ile.

KUTOKA MAABARA HADI JIKONI

Sabatier alifanya kazi na mvuke na gesi. Mjerumani Wilhelm Normann ndiye aliyeichukua fikra hiyo na kuitumia kwa mafuta ya maji, na mwaka 1902 akaandikisha haki yake nchini Ujerumani. Mafuta ya mimea au ya samaki yakichanganywa na unga wa nikeli, kisha yakapulizwa haidrojeni, hubadilika yakawa magumu. Hapo ndipo yalipoanza kuja mafuta ya kopo, meupe na magumu, na majarini iliyotokana na mimea.

Ni vyema tukumbuke kuwa majarini ilipobuniwa Ufaransa mwaka 1869 ilitengenezwa kwa mafuta ya ng'ombe. Sisi familia za Kiislamu tuna hadhari na mafuta yanayoingia chunguni, kwani mafuta ya mnyama huleta suali la mnyama gani na amechinjwaje. Kuwapo kwa mafuta magumu yaliyotokana na mimea kulirahisisha mambo kwa nyumba nyingi, ingawa wajibu wa kusoma maandishi ya kopo haukuondoka.

Lakini hatutaki kueleza upande mmoja tu. Mafuta yakiongezewa haidrojeni nusu nusu, sehemu yake hugeuka kuwa aina inayoitwa mafuta ya transi. Watu waliyala kwa miongo mingi bila ya kujua. Mwaka 1990 watafiti wa Uholanzi walionesha kuwa aina hiyo huongeza lehemu mbaya katika damu na kupunguza iliyo nzuri, jambo linaloudhuru moyo. Mwaka 2003 Denmark ikaweka mipaka ya kisheria, na mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani likazitaka nchi zote ziyaondoe katika vyakula vinavyotengenezwa viwandani. Sabatier alikuwa amekwisha kufariki zamani. Hakuyajua hayo wala hakuyakusudia. Lakini sisi tuliokuja nyuma tumejua, na mwenye kujua hana udhuru. Basi akina mama na akina baba, angalieni maandishi ya kopo au pakiti kabla ya kununua.

KUKATAA PARIS

Sasa tumefika kwenye jambo tulilolikusudia hasa.

Mwaka 1907 walifariki wanakemia wawili wakubwa wa Paris: Moissan mwezi Februari, na Berthelot, yule mwalimu wake, mwezi Machi. Sabatier aliitwa Paris kushika nafasi ya Moissan katika Sorbonne. Hakuna heshima ya kisomo iliyokuwa juu ya hiyo nchini Ufaransa. Sabatier akakataa. Akabaki Toulouse.

Tusidhani kuwa uamuzi huo haukuwa na gharama. Zama hizo kila jambo la elimu Ufaransa lilizunguka Paris: fedha, maabara, vyeo na sifa. Hata Chuo cha Sayansi cha Ufaransa, yaani Académie des sciences, hakikumpa uanachama kamili ila anayeishi Paris. Mtu wa mji mwingine, hata awe mjuzi kiasi gani, alibaki kuwa mwanachama wa pembeni. Kwa kukataa, Sabatier alikuwa anaufunga mlango huo kwa mkono wake mwenyewe, au ndivyo ilivyoonekana.

Huko Toulouse hakukaa bure. Tangu mwaka 1905 alikuwa mkuu wa kitivo cha sayansi, na alisaidia kuanzisha taasisi za kemia, za umeme na za kilimo, ili vijana wa kusini wapate elimu yenye kazi ndani yake bila ya kulazimika kuhama. Alikuwa mtu mkimya, asiyependa makuu, mwenye mabinti wanne, na aliyependa bustani na sanaa.

Mwaka 1912 akapewa Tuzo ya Nobel ya kemia kwa njia yake ya kuongeza haidrojeni kwa kutumia metali iliyosagwa laini. Aligawana tuzo hiyo na Victor Grignard, Mfaransa mwenziwe, ambaye zama hizo alikuwa akisomesha katika mji wa Nancy. Tazameni jambo hili: tuzo ya kemia ya mwaka ule ilikwenda Ufaransa, lakini hakuna hata mmoja wa wawili hao aliyekuwa mwalimu wa Paris.

Mwaka 1913 ile Académie ikaweka nafasi sita mpya kwa wanasayansi wasioishi Paris. Wa kwanza kuchaguliwa alikuwa Sabatier. Mlango aliodhani watu kuwa ameufunga ukaja kufunguliwa kwa ajili yake, na wengine wakapita nyuma yake. Mwaka huo huo alitoa kitabu chake kikubwa juu ya vichocheo katika kemia ya kaboni.

HABARI YA SENDERENS

Tungekuwa hatukufanya uadilifu tukimaliza bila ya kumrejea Senderens. Majaribio mengi makubwa ya mwanzo waliyafanya wote wawili na kuyachapisha kwa majina yao wote wawili, na mwaka 1905 waligawana tuzo ya Jecker ya Académie. Lakini Tuzo ya Nobel ya mwaka 1912 ilimtaja Sabatier peke yake. Wapo waliosema kuwa fikra ilikuwa ya Sabatier, na wapo walioona kuwa padri yule amepunjwa. Sisi hatukukaa kuhukumu baina yao. Tunasema tu kwamba anayesoma habari ya mmoja na asimtaje mwenziwe, amesoma nusu ya habari.

MWISHO WA MAISHA YAKE

Sabatier alistaafu mwaka 1930 akiwa na umri wa miaka 75, lakini aliruhusiwa kuendelea kutoa darsa, na akaendelea. Alifariki Toulouse tarehe 14 Agosti 1941, wakati nchi yake imekwisha kushindwa vitani. Alikuwa na miaka 86. Baadaye chuo kikuu kimoja cha mji huo kilibeba jina lake kwa miongo mingi.

Kazi yake haikufa. Mwaka 2010 chombo kinachotumia ule ugunduzi wa mwaka 1902 kilipelekwa katika kituo cha kimataifa cha anga za juu. Hewa ya ukaa iliyotoka katika pumzi za wanaanga ikaunganishwa na haidrojeni, na watu wakapata maji huko ambako hakuna kisima wala mvua. Jambo lililofanywa kwa bomba la kioo katika mji wa pembeni, likaja kuwafaa watu walio juu ya anga zaidi ya miaka mia moja baadaye.

MAZINGATIO

Katika maisha haya tumepata mambo matano ya kuwausia wanafunzi wetu:

1. Elimu haikai mji mkuu peke yake. Hukaa pale penye mwalimu anayejishughulisha na mwanafunzi anayeuliza. Anayelazimika kusafiri na asafiri, lakini asiudharau mji wake.

2. Ukitaka kushika kazi aliyoianza mwenzio, muulize kwanza. Sabatier hakupungukiwa na kitu kwa kusubiri.

3. Mtaje uliyeshirikiana naye. Daftari la majaribio la watu wawili si la mtu mmoja.

4. Usafi na subira ni sehemu ya elimu. Chembe ndogo ya uchafu huharibu kazi ya siku nzima.

5. Kila kilichobuniwa na wanaadamu kina faida na huenda kikawa na madhara. Mwenye elimu hufuatilia mpaka mwisho, na madhara yakidhihiri huyasema wazi.

Na kwa wale wanaojiandaa na mtihani wa kidato cha nne mwaka huu: mkikutana na suali la vichocheo, basi mkumbukeni mwalimu wa Toulouse na unga wake wa nikeli. Na miongoni mwenu atakayekuwa mwalimu wa kemia katika mji wetu huu, inshaallah tutakuja kumpokea kwa furaha, na wadogo zake wanamsubiri.